Gurudumu la kiti likiisha, mwili ndio hulipa

Tairi la matatu likiisha meno, abiria hunung'unika na polisi wa trafiki husimamisha gari. Tairi la bodaboda likibaki kipara, mwenyewe anajua kwamba mvua ya kwanza itamlaza mtaroni. Lakini je, msomaji, umewahi kuinama ukaangalia magurudumu madogo ya mbele ya kiti anachokalia mzazi wako, jirani yako au pengine wewe mwenyewe?

Wengi hawajawahi. Kiti cha magurudumu huletwa nyumbani siku mgonjwa anapotoka hospitalini, au hutolewa katika sherehe yenye hotuba nyingi na picha, kisha husahauliwa. Hutazamwa kama meza au kabati, kitu ambacho kikishaingia nyumbani basi yamekwisha. Ukweli ni kwamba kiti hiki ni chombo cha safari kama baiskeli, na tena ni sehemu ya matibabu kama ilivyo dawa. Gurudumu lake likiisha, anayeumia ni yule anayekikalia.

Nimechagua kuzungumzia jambo hili kwa sababu kubadilisha gurudumu au beringi ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi wa baiskeli, ilhali kidonda ambacho gurudumu bovu huweza kuchangia huchukua miezi kupona, na wakati mwingine huua.

Gurudumu dogo, kazi kubwa

Kiti cha kawaida kina magurudumu manne. Mawili ya nyuma ni makubwa, aghalabu ya inchi 24, na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya uzito na kusukumwa kwa mikono. Mawili ya mbele ni madogo, mara nyingi kati ya inchi 5 na 8. Kila moja limeshikwa na foki inayozunguka huku na huko, na hiyo ndiyo inayokiwezesha kiti kukata kona.

Kwa kuwa ni madogo, magurudumu ya mbele ndiyo hutaabika zaidi. Shimo ambalo gurudumu kubwa hulipita bila habari, gurudumu dogo hutumbukia ndani yake. Jiwe ambalo kubwa hulipanda, dogo hugonga likasimama. Aidha, yako karibu na ardhi, kwa hivyo vumbi, tope, nywele, nyuzi za nguo na vipande vya katani huingia kati ya gurudumu na foki na kujisokota kwenye ekseli. Baada ya muda beringi hukauka grisi na kuanza kulia, kisha hukwama.

Viti vya sakafu, njia za mlimani

Ukitoka Embu mjini kuelekea Meru kupitia Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, unapita ubavuni mwa Mlima Kenya. Barabara kuu ina lami, lakini hupanda na kushuka kwenye mabonde ya mito, na wengi wa wasomaji wanaotoka huko wanajua kwamba lami huishia barabarani. Kutoka hapo hadi mlangoni mwa nyumba ni udongo mwekundu. Wakati wa masika na wakati wa mvua za Oktoba hadi Desemba, udongo huo hunata kwenye magurudumu kama ugali mbichi kwenye mwiko. Wakati wa kiangazi hugeuka vumbi laini linalopenya kila mahali. Ukiteremka upande wa Mbeere, kama vile Siakago na Kiritiri, au nyanda za chini za Tharaka na Igembe, unakuta mchanga na miiba ya migunga inayotoboa matairi.

Hata mjini mambo si rahisi. Anayesukuma kiti kutoka Makutano hadi soko la Gakoromone mjini Meru anakutana na mitaro, kingo za simiti na changarawe zilizotapakaa. Wakazi wa Majimbo na Dallas mjini Embu wanazijua njia zao.

Sasa fikiria kwamba viti vingi vinavyotolewa kama msaada ni vile vya kukunjwa vilivyobuniwa kwa ajili ya korido za hospitali. Magurudumu yake ya mbele ni membamba na magumu, nayo yanafaa kwa sakafu iliyopigwa msasa. Kwenye changarawe huzama, na mpira wake huanza kukatika vipande.

Jambo hili halikuanza leo wala si letu peke yetu. Mhandisi Mmarekani Ralf Hotchkiss, ambaye alipooza miguu katika ajali ya pikipiki akiwa mwanafunzi, alitumia miaka mingi kubuni pamoja na mafundi wa nchi maskini viti vinavyoweza kupita njia mbovu na kutengenezwa kwa vipuri vya hapo hapo. Moja ya sifa za viti hivyo ni gurudumu la mbele lililo pana, la mpira laini, linaloitwa gurudumu la Zimbabwe. Upana huo hulizuia kuzama mchangani, na ulaini wake hupunguza kishindo.

Hapa Kenya, Chama cha Walemavu wa Viungo, kinachojulikana zaidi kama APDK na ambacho kilianzishwa mwaka wa 1958, kimetengeneza viti vya aina inayofaa njia zetu, kwa kutumia vipuri vya baiskeli kila inapowezekana.

Mwili hulipa vipi?

Kwanza ni mabega. Mtu anayesukuma kiti kwa mikono ametwika mabega yake kazi ya miguu. Bega halikuumbwa kubeba uzito wa mwili siku nzima. Beringi ikikauka au tairi likipungua upepo, kila msukumo huhitaji nguvu zaidi. Kiti kikivuta upande mmoja, mkono mmoja hufanya kazi ya mikono miwili. Matokeo yake ni maumivu ya kano za bega ambayo huzidi usiku na unapoinua mkono. Mtu wa kawaida akiumwa bega humwambia daktari, "Nitaupumzisha." Mwenye kiti atapumzika vipi, ilhali mkono huo huo ndio unaomtoa kitandani na kumpeleka chooni?

Pili ni kuanguka. Gurudumu la mbele lililolegea hutetemeka kiti kinaposhika kasi kwenye mteremko. Likigeuka ghafla au likikwama kwenye jiwe, kiti husimama na mwenye kiti hutupwa mbele. Kwa mtu aliyepooza miguu, mifupa ya miguu huwa imepungua uimara kwa kutotumika, na huweza kuvunjika kwa kishindo kidogo tu. Isitoshe, huenda asisikie maumivu. Hivyo basi, mtu aliyepooza akianguka halafu mguu ukavimba, ukawa na joto au ukapinda, mpelekeni hospitalini akapigwe picha ya eksirei hata kama anasema haumwi.

Tatu ni breki. Breki za viti vingi hufanya kazi kwa kubana tairi la nyuma. Tairi likiisha au likikosa upepo, breki hubana hewa. Mtu anafunga breki, anajiinua kwenda kitandani, na kiti kinamkimbia nyuma yake. Wengi hudhani breki ndiyo mbovu na kuanza kuipinda kwa nyundo, kumbe tairi lilihitaji pampu tu.

Nne, na hili ndilo la hatari zaidi, ni vidonda vya kukalia. Ukikaa, uzito wako huegemea mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Mwenye hisia hujisogeza mara kwa mara bila kufikiri. Aliyeumia uti wa mgongo hasikii, na nyama iliyobanwa kati ya mfupa na kiti hukosa damu, ikaanza kufa. Kidonda huanzia ndani karibu na mfupa. Mara nyingi kinapoonekana nje, uharibifu wa ndani tayari ni mkubwa. Vidudu vikiingia kwenye mfupa au damuni, maisha yamo hatarini.

Gurudumu linahusikaje na kidonda? Chukua mfano wa mgonjwa niliyewahi kumtibu, kijana aliyeanguka kutoka mwembeni na kupooza miguu. Alikuwa na kidonda upande wa kulia wa makalio. Kilikuwa kimesafishwa na kufungwa kwa wiki kadhaa, lakini kila kikikaribia kufunga kilifunguka tena.

"Daktari, dawa amemeza zote," mama yake aliniambia. "Mbona hakipoi?"

Niliomba kijana akae kwenye kiti chake pale kwenye korido. Tairi la nyuma la kulia halikuwa na upepo, na gurudumu la mbele la upande huo huo lilikuwa limelika hadi karibu na chuma. Kiti kizima kilikuwa kimeinamia kulia, na kijana pamoja nacho. Uzito wake ulikuwa unashukia mfupa mmoja tangu asubuhi hadi jioni, na kila jiwe la njiani liliupigilia mfupa ule ule.

"Mama, dawa haina kosa," nilimjibu. "Kiti ndicho kinachomkalisha juu ya kidonda."

Tulimlaza ili kidonda kipumzike, tukaendelea kukisafisha, na wakati huo huo fundi akabadilisha magurudumu mawili ya mbele na matairi ya nyuma. Alipata pia mto mpya wa kukalia. Kidonda kilichukua miezi, lakini kilifunga.

Kagua mara moja kwa mwezi

Chagua siku ambayo hutaisahau, kwa mfano Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mwenye kiti akiwa kitandani, fanya yafuatayo.

Inua sehemu ya mbele ya kiti na uzungushe kila gurudumu dogo kwa kidole. Linapaswa kuzunguka kwa ulaini na kusimama polepole. Likikwaruza au kusimama ghafla, beringi imekwisha au nyuzi zimejisokota. Kisha lishike na ulitikise kushoto na kulia. Likicheza kwenye ekseli, nati imelegea au beringi imelika.

Pitisha kidole juu ya mpira. Tafuta nyufa, vipande vilivyong'oka na sehemu iliyokuwa ya duara ikawa bapa. Pima unene wa magurudumu yote mawili kwa kuyazungushia uzi. Yakitofautiana, kiti hakikai sawa.

Weka kiti kwenye simiti iliyo sawa. Je, magurudumu yote manne yanagusa chini? Kisukume kidogo na ukiachilie. Je, kinavuta upande? Kigeuze kielekee upande wa pili na urudie, ili usikilaumu kiti kwa kosa la sakafu.

Mwishowe bonyeza matairi ya nyuma kwa kidole gumba na ufunge breki. Ukikisukuma kiti huku breki zimefungwa na magurudumu yakazunguka, jaza upepo kwanza. Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Bado breki ikiteleza, tairi limekwisha au breki inahitaji kusogezwa.

Kubadilisha gurudumu la mbele

Kazi hii haihitaji mtambo. Spana mbili na nyundo ndogo zinatosha. Boliti ya milimita 8, ambayo hutumika kwenye viti vingi, huchukua spana namba 13.

Fungua nati na utoe boliti huku umeshikilia gurudumu. Kutatoka washa na bushi ndogo pande zote mbili. Zipange juu ya kitambaa kwa utaratibu ule ule zilivyotoka, kwa sababu zina kazi ya kuliweka gurudumu katikati ya foki. Kata nywele na nyuzi zote kwa wembe na ufute uchafu.

Angalia beringi. Ina namba ubavuni mwake, na namba hiyo ndiyo utakayompa muuza vipuri. Beringi ya 608, kwa mfano, ina tundu la milimita 8, upana wa nje wa milimita 22 na unene wa milimita 7. Hiyo hiyo ndiyo inayotumika katika skuta za watoto na viatu vya magurudumu, kwa hivyo haiadimiki. Namba 6000 ina tundu la milimita 10, na 6001 la milimita 12. Usinunue kwa kukadiria kwa macho.

Ukiingiza beringi mpya, gonga pete yake ya nje tu. Ukigonga ya ndani unaziumiza gololi kabla hazijaanza kazi. Katikati ya beringi mbili huwa kuna kibomba kifupi. Usikitupe! Bila hicho, ukikaza nati unazibana beringi na gurudumu linakataa kuzunguka. Kaza nati hadi gurudumu lisicheze, lakini lizunguke bila kulazimishwa. Nati yenye pete ya nailoni ndani ikifunguka kwa vidole, nunua nyingine.

Badilisha magurudumu yote mawili kwa pamoja, na uweke ya ukubwa ule ule yaliyokuja na kiti. Ukiweka makubwa zaidi, mbele ya kiti huinuka na mwenye kiti huweza kupinduka kinyumenyume anapopanda kilima. Ukiweka madogo, kiti huinamia mbele na mwili huteleza, nao mtelezo huo huchuna ngozi ya makalio.

Kwa matairi ya nyuma, kuna mtego ambao umewapotezea watu wengi pesa. Matairi ya inchi 24 hayalingani yote. Lile jembamba la viti vingi, lililoandikwa 24 x 1⅜, lina namba 540 ubavuni. La baiskeli ya milimani, kwa mfano 24 x 1.75, lina namba 507. La 507 ni dogo, halitaingia kwenye rimu ya 540 hata ulivute vipi. Soma namba iliyo kwenye tairi lako kuukuu kabla ya kutoka nyumbani.

Kuna pia mambo ya kuepuka. Usifunge kipande cha mpira wa maji kwenye gurudumu kwa waya, kwani waya ukifunguka utakata kidole au kukwama kwenye foki. Usikubali fremu ya alumini ichomelewe na fundi ambaye huchomelea chuma cha kawaida tu, kwa kuwa itavunjika pale pale.

Na jambo moja ambalo mafundi hawalijui: kiti kikiwa kwenye karakana, mwenyewe amekalia nini? Nimeona watu walioketishwa juu ya simiti, au juu ya chuma kilichochomwa na jua, kwa saa nzima wakisubiri. Asiye na hisia anaweza kuungua au kupata kidonda hapo hapo. Abaki kitandani, au akae juu ya mto wake mwenyewe kivulini.

Nani atagharamia?

Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu utoaji wa viti vya magurudumu katika nchi zisizo na uwezo mkubwa. Lilitaja hatua nane, kuanzia kumpokea anayehitaji kiti, kumpima na kumfundisha kukitumia. Ya mwisho ni matengenezo na ufuatiliaji. Hapa kwetu hatua hiyo ndiyo husahauliwa. Anayetoa msaada wa viti 50 bila beringi moja ya akiba anafaa aelezwe kwa heshima kwamba kazi yake haijakamilika.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kukabiliana na vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2003, lina maafisa katika kaunti. Jisajili, na unapoomba kiti uulize pia kuhusu vipuri na matengenezo. Vikundi vya akina mama na vya kanisani vinavyochangia harusi na matanga vinaweza pia kutenga pesa kidogo za matairi.

Ngozi ikaguliwe kila siku

Hata kiti kikiwa kizima, mwenye kiti ambaye hana hisia ainame mbele, aegemee upande au ajiinue kila baada ya dakika 15 hadi 30, kwa dakika moja au mbili. Kila jioni makalio na visigino viangaliwe, kwa kioo au kwa msaada wa mtu wa nyumbani. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu peke yake. Tafuta sehemu iliyo nyeusi kuliko kawaida, yenye joto, iliyo ngumu au iliyovimba. Ukiiona, mtu huyo asiikalie hadi irudi hali yake. Ngozi ikiwa imepasuka, kukiwa na harufu, usaha, homa au kutetemeka, usingoje kesho. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Na mkienda, nendeni na kiti. Mwombe daktari au muuguzi akitazame mgonjwa akiwa amekikalia, kisha upitie kwa fundi kabla ya kurudi nyumbani.